Makerere ilipoacha kuwa chuo cha wanaume

Swali: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ameanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Makerere. Juzi alinipigia simu amechukia. Mwanafunzi mwenzake wa kiume amemwambia kwamba chuo kile kiliwekwa kwa ajili ya wanaume, hata kaulimbiu yake ya kwanza ilisema hivyo waziwazi, na kwamba wasichana wamejazana pale kwa sababu ya "1.5". Mimi niliishia kidato cha nne, sikuwa na la kumjibu. Je, ni kweli? Wanawake waliingiaje Makerere, na hiyo 1.5 ni kitu gani? – *Mama wa binti mmoja, Bukoba*

Jibu: Marahaba, mama, na hongera kwa kumfikisha binti chuo kikuu. Huyo kijana amesoma historia, ila aliishia katikati ya ukurasa.

Kuhusu kaulimbiu hajadanganya. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wavulana watupu, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kaulimbiu yao ilikuwa "Na tuwe wanaume". Sidhani kama kuna aliyekaa kitako kutunga sheria ya kuwazuia wasichana, kwa kuwa haikuhitajika. Serikali ya kikoloni ilitafuta mafundi, makarani, walimu na matabibu wasaidizi, na kazi hizo zote zilihesabiwa kuwa za wanaume. Mafunzo ya utabibu yalipoanza pale hospitali ya Mulago miaka miwili baadaye, mambo yalikuwa yale yale. Mwaka 1937 tume ya Lord De La Warr ilipita huku kwetu na kupendekeza Makerere ipandishwe iwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima. Hapo vijana wa Tanganyika, Kenya na Zanzibar wakaanza kumiminika Kampala, nao pia wavulana.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Julius Nyerere, aliyesoma pale kuanzia 1943 hadi 1945. Akiwa mwanafunzi aliandika insha kuhusu hali ya wanawake katika jamii za Tanganyika, akizitumia hoja za mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, na insha hiyo ikampatia tuzo. Fikiria: kijana wa Butiama anatetea uhuru wa wanawake ndani ya chuo ambacho darasani hamna mwanamke hata mmoja wa kumjibu.

Hali ilibadilika mwaka 1945, wasichana sita walipopokelewa. Kaulimbiu ya zamani ikawekwa kando mwaka huo huo, ikaja hii ya sasa, "Tunajenga kwa ajili ya wakati ujao". Kwa hiyo binti yako akiambiwa habari ya kaulimbiu ya wanaume, aulize pia iliondolewa lini na kwa nini. Ilidumu miaka 23 tu, na kilichoiondoa ni wasichana sita.

Kabla hujadhani kwamba Makerere ilichelewa kupita kiasi, tazama walikotoka wakubwa wenyewe. Cambridge ilikuwa na wasichana wanaosoma tangu 1869, lakini ilikataa kuwapa shahada kamili hadi 1948. Mwaka 1897 jambo hilo lilipopigiwa kura, wanafunzi wa kiume walining'iniza sanamu ya mwanamke juu ya baiskeli katikati ya mji kumdhihaki, na kura zilipohesabiwa wanawake wakashindwa vibaya. Oxford iliwapa shahada mwaka 1920, kisha mwaka 1927 ikaweka kikomo cha idadi yao, kikomo kilichodumu miaka 30. Msichana aliyeingia Makerere mwaka 1945 alikuwa amekanyaga chuo kilichomkubali kama mwanafunzi kamili, wakati mwenzake wa Cambridge bado alifanya mitihani ile ile ya wanaume na kutoka bila kutambuliwa kuwa mhitimu kamili wa chuo.

Jambo la shahada lilitusaidia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Mwaka 1949 Makerere iliwekwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, na wahitimu wake wakawa wanapewa shahada za London. Sasa London ilikuwa imewafungulia wanawake shahada zake tangu 1878, ya kwanza Uingereza nzima. Kwa hiyo vita ya kugombea karatasi, ile iliyokula miaka karibu 80 kule Cambridge, huku haikupiganwa. Mtihani ulikuwa mmoja, msahihishaji mmoja, cheti kimoja.

Basi tatizo lilikuwa wapi? Mbona sita tu?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisimulia hadithi hii kana kwamba kulikuwa na geti moja, likafunguliwa, watu wakapita. Geti la Makerere lilifunguliwa kwa uamuzi wa mwaka mmoja. Yaliyobaki yamefungwa yalikuwa chini yake, kwenye shule za sekondari, na juu yake, kwenye ajira. Kuingia chuo kulihitaji cheti cha sekondari, na shule za kumfikisha msichana wa Kiafrika kwenye cheti hicho zilihesabika kwa vidole. Uganda ilikuwa na nafuu. Shule ya wasichana ya Gayaza ilianzishwa na wamisionari mwaka 1905, mwanzoni kwa ajili ya mabinti wa machifu, na lengo halikufichwa: wale watoto wa kiume wanaosomeshwa Budo wapate wake wanaofanana nao. Walifundishwa kusoma na kuandika, ndiyo, lakini pia kushona, kulima na kutunza nyumba. Budo yenyewe ilianza kupokea wasichana miaka ya 1930. Kenya, Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1926. Ya wasichana ilisubiri hadi 1948, miaka 22 nzima. Tanganyika tulikuwa nyuma zaidi, wakati Tabora ikiwapeleka wavulana Makerere mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana wanawake wa kwanza pale walikuwa wa Uganda karibu wote.

Maisha yao ndani ya chuo yanaonekana vizuri kupitia mwanamke mmoja aliyesoma pale miaka hiyo ya kwanza, Sarah Nyendwoha wa Hoima, Bunyoro, ambaye baadaye alijulikana kama Sarah Ntiro. Alitoka Budo akiwa anapenda hisabati na akataka kuendelea nayo. Mwalimu wa hisabati akakataa kufundisha darasa lenye mwanamke ndani yake. Hakuna kanuni ya chuo iliyosema msichana asisome hisabati. Kanuni ilikuwa kichwani mwa mwalimu, na hiyo ilitosha. Sarah akahamia historia, jiografia na Kiingereza.

Mtu mwingine angekwenda kufundisha shule ya msingi, na mambo yakaishia hapo. Yeye alikwenda Oxford mwaka 1951, akasoma historia katika St Anne's, kimojawapo cha vyuo vidogo vinavyounda Oxford, akahitimu mwaka 1954. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Na kumbuka kwamba alipokuwa Oxford, kile kikomo cha idadi ya wanawake kilikuwa bado kipo, na vyuo vya wanaume vya kule vilikuwa havijapokea msichana. Vya kwanza vilifanya hivyo mwaka 1974, miaka 20 baada ya yeye kuondoka.

Akarudi nyumbani kufundisha. Alipopewa masharti ya kazi akakuta mshahara wake ni mdogo kuliko wa wanaume wenye sifa kama zake. Akaukataa. Hakugoma kufundisha, hilo wangelielewa na wangemfukuza. Aliingia darasani kila siku na kukataa kupokea fedha zao. Aibu ikahamia kwa mwajiri. Mwisho wake wakubwa waliregeza kamba, akalipwa sawa na wenzake. Mimi katika historia yote ya elimu ya Afrika Mashariki sijaona mgomo wa mtu mmoja uliopangwa kwa akili namna ile. Baadaye aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Uganda, akaolewa na mchoraji wa Tanganyika, Sam Ntiro, wakati wa Amin akaishi uhamishoni Kenya, na alifariki mwaka 2014. Ukitaka jina moja la kumpa binti yako, mpe hilo.

Wengine nitawapitia haraka. Florence Lubega, naye wa kundi la mwanzo, alikuja kuwa mbunge. Rebeka Njau alitoka Alliance ya wasichana nchini Kenya, akasoma Makerere miaka ya 1950, akawa mwandishi na mkuu wa shule ya wasichana Nairobi. Yeye ni ushahidi wa ninachosema: shule ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1948, na miaka michache baadaye matunda yake yako Makerere. Josephine Nambooze alihitimu udaktari mwaka 1959 na kuwa daktari wa kwanza mwanamke wa Afrika Mashariki. Hesabu mwenyewe: mafunzo ya utabibu yalianza 1924, mwanamke wa kwanza akatoka nayo 1959. Miaka 35. Sayansi ilichelewa kuliko sanaa kwa sababu shule nyingi za wasichana hazikuwa na maabara wala walimu wa fizikia, na msichana hawezi kuomba kozi ambayo masomo yake hakuwahi kufundishwa.

Malazi nayo yana hadithi yake. Bweni la wanawake lilipewa jina la Mary Stuart, mke wa askofu wa Kianglikana wa Uganda, Cyril Stuart, mama aliyepigania sana elimu ya wasichana. Wanafunzi wakalibatiza "Box", na hadi leo wakazi wake hawana jina jingine. Baadaye likaja Africa Hall, kisha mengine. Watoto wa Makerere wana tabia ya kuoanisha bweni la wavulana na la wasichana kwa urafiki wa kudumu: Lumumba na Mary Stuart ni "Lumbox", Livingstone na Africa ni "Afrostone". Binti yako atakuwa ameshasikia kelele zao. Ni utani, lakini una kumbukumbu ya wakati ambao wanawake walikuwa wachache kiasi kwamba bweni moja liliwatosha wote.

Miaka ya Idi Amin ilikiumiza chuo kizima. Makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka 1972 na hakuonekana tena, na wahadhiri wengi wakakimbia nchi. Lakini kuna tukio moja la 1976 ambalo lazima liingie katika jibu hili. Mwanafunzi msichana kutoka Kenya alipotea mikononi mwa vyombo vya dola. Uchunguzi ulipoanzishwa, aliyetarajiwa kutoa ushahidi alikuwa Theresa Nanziri Bukenya, msimamizi wa bweni la Africa Hall. Alitekwa na kuuawa, akiwa mjamzito. Mtu akikuambia wanawake walikuja Makerere kupokea tu kilichojengwa na wengine, mkumbushe kwamba mmoja wao aliuawa kwa sababu ya kumsimamia mwanafunzi wake.

Sasa tuje kwenye 1.5, maana naona ndiyo iliyomuuma binti.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani zaidi ya miaka 40 tangu wale sita, wanawake bado walikuwa kama robo tu ya waliokuwa wakiingia. Mwaka 1990 ukaja uamuzi wa kumwongezea kila mwombaji wa kike mwenye sifa zinazotakiwa alama 1.5 juu ya alama zake za kidato cha sita. Inavyofanya kazi ni hivi: kila kozi ina kiwango chake cha kukatia kulingana na ushindani. Tuseme kozi fulani imekatia kwenye 42. Msichana mwenye 40.8 anafika 42.3 na anaingia; mvulana mwenye 41.5 anabaki nje. Mvulana huyo ana haki ya kunung'unika, na sitamlaumu. Mara moja idadi ya wasichana ikapanda hadi theluthi hivi, kisha ikaendelea kupanda.

Lakini angalia mambo mawili anayoyaruka huyo kijana. La kwanza, 1.5 inaishia getini. Haimwongezei msichana alama kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza wala wa mwisho, akifeli amefeli. La pili, kuanzia 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia karo, pamoja na masomo ya jioni, na chuo kikavimba kutoka maelfu machache hadi zaidi ya 30,000 katika muda wa miaka kama kumi. Wanawake wengi, wakiwemo wenye kazi na watoto, walipita njia hiyo ya kujilipia. Kusema wote wameingia kwa 1.5 ni kutojua hesabu za chuo chake mwenyewe. Katika mahafali ya miaka ya karibuni wanawake wamekuwa wakipita nusu ya wahitimu.

Mimi binafsi naiunga mkono 1.5, ila nina lawama juu yake, na si lawama ya huyo kijana. Waliofaidika zaidi ni wasichana ambao tayari walikuwa Gayaza, Namagunga na Budo, watoto wa wenye uwezo, waliopungukiwa alama moja tu. Msichana wa Karamoja aliyeacha shule darasa la tano ili aolewe, alama 1.5 haimfikii. Geti lile la chini, lililowafanya wawe sita mwaka 1945, bado ndilo linalowachuja. Chuo kilitambua hilo, na mwaka 2001 ukaanza mpango wa ufadhili kwa wasichana wanaotoka familia maskini, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Ulisaidia wengi, lakini ufadhili nao unamkuta aliyekwisha kufika kidato cha sita.

Na sisi Tanzania tusijifanye tulikuwa mbele. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 na darasa la sheria, mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtu afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, idadi ya wasichana ilishuka, maana katika miaka hiyo ya kusubiri wengi waliolewa na kuzaa. Haikuchukua muda serikali ikawaondolea wanawake sharti hilo. Baadaye pale Mlimani wakaanzisha kozi ya maandalizi kwa wasichana wa sayansi waliokosa alama kidogo: wanasoma wiki kadhaa, wanapewa mtihani, wanaofaulu wanaingia. Kwa maoni yangu hiyo ni njia bora kuliko kuongeza alama, kwa sababu inamfunga mdomo kila mwenye shaka, ingawa ni ghali.

Kejeli za vijana wa kiume nazo si jambo la kuchekea kila wakati. Pale pale Mlimani kulikuwa na "Punch", makaratasi yaliyobandikwa ukutani kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana waliojitokeza kuongea au waliomkataa fulani. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa, na hapo ndipo wakubwa waliposhtuka. Makerere ina sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia tangu 2006, na ofisi inayoshughulikia masuala ya jinsia. Utani wa 1.5 ni utani. Ukigeuka kumwandama mtu mmoja kila siku, binti ajue pa kupeleka malalamiko, na ayapeleke mapema.

Juu ya geti la chuo napo bado kuna kazi. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, na bado yeye na wenzake wa kike walilazimika kuvutana na chuo chao ili wapewe marupurupu ya nyumba sawa na wahadhiri wanaume. Ni ugomvi ule ule wa Sarah Ntiro, miaka 20 baadaye. Makerere ilifungua idara ya masomo ya wanawake mwaka 1991, na mwaka 2002 ikawa mwenyeji wa kongamano la dunia la wanawake. Sylvia Tamale alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo cha sheria. Lillian Tibatemwa-Ekirikubinza alifika hadi naibu makamu mkuu wa chuo kabla ya kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Baraza la chuo limeongozwa na mwanamke, Lorna Magara. Kiti cha makamu mkuu wa chuo chenyewe bado hakijakaliwa na mwanamke, na kadiri unavyopanda kutoka mhadhiri msaidizi kwenda profesa ndivyo majina ya kike yanavyopungua, hasa kwenye uhandisi na sayansi.

Hukuniambia binti anasoma kozi gani. Kama ni sayansi au hisabati, mwambie aangalie ni wanawake wangapi wanaofundisha katika idara yake, na amtafute mmoja wao muhula huu huu, asisubiri mwaka wa tatu. Wengi wao waliingia miaka hiyo hiyo ya 1990, walitaniwa kwa 1.5 hiyo hiyo, na ndio wanaosahihisha mitihani ya huyo kijana.